Homa ya Kitanda Namba Kumi na Nne

Hii hutaiamini, na wala sikulaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwepo na bado naona kama naota: namjua mwanamke aliyemaliza kuandika kitabu kwa sababu mama mkwe wake alivunjika nyonga. Kitabu kipo, kina jalada la kijani, nimekishika kwa mikono yangu. Lakini alivyokimaliza, jamani, mpaka leo sijui nimpigie makofi au nimfokee. Mengine niliyaona kwa macho, kwa sababu shangazi yangu alilazwa kitanda cha jirani na mimi ndiye niliyemuuguza. Mengine nimesimuliwa na wenyewe, kila mtu kwa hasira zake.

Nyumbani kwao wanamwita Bi Simu. Jina alipewa na wifi yake, kwa kuwa kila ukimtazama simu iko mkononi na vidole vinakimbia. "Huyo anachati," wifi alikuwa anawaambia wageni, "na nani sijui, na mume wake yuko hapo hapo anamwona." Bi Simu hakuwa anachati. Alikuwa anaandika riwaya. Aliandika kwenye simu kwa sababu kompyuta hana, na daftari akiliacha mezani watoto wanalichorea magari. Sura kumi na moja zilikuwa tayari, na mhariri wa kampuni moja ndogo ya vitabu alizisoma akasema anazitaka. Zilibaki mbili.

Mbili tu! Lakini hebu iangalie hiyo nyumba. Vyumba viwili na sebule. Mume wake, Fundi, anachomelea madirisha na mageti. Karakana yake ilibomolewa kupisha barabara, kwa hiyo mashine ya kukatia vyuma imehamia koridoni, hatua tatu kutoka jikoni. Ikiwashwa, meno yanacheza mdomoni. Wifi karudi kwao baada ya ndoa kumshinda, tena karudi na televisheni yake, na hiyo televisheni haijui kuzimwa. Watoto wawili. Mama mkwe. Na wote hao, wote kabisa, wakikosa kitu wanajua mtu mmoja tu wa kumwita.

"Mama Watoto! Futi yangu ya kupimia iko wapi?"

"Mama! Kanipiga tena!"

"Wifi, hii chumvi imeisha au mmeificha?"

Bi Simu alijaribu kila mahali. Aliandika jikoni, maziwa yakafurika jiko zima. Aliandika chooni, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mpaka wifi akagonga mlango: "Humo ndani unazaa au umeshazaa?" Akaanza kuamka kabla ya wote. Fundi naye akaanza kuamka kabla ya wote, eti akate vyuma jua halijawa kali. Mwisho akaamua kuomba, kama watu wazima wanavyofanya.

"Nipeni saa moja kwa siku," alisema wakati wa kula. "Moja tu. Mtu asiniite."

Wakamwangalia kama ameomba nyumba ihamishwe.

"Saa moja ya kufanya nini?" Fundi akauliza.

"Kuandika."

"Si unaandika kila siku? Hiyo simu inatoka mkononi saa ngapi?"

"Naandika mstari mmoja, mnaniita. Nikirudi nimesahau nilichotaka kusema."

"Basi kama umekisahau hakikuwa cha maana," wifi akasema, akaomba apitishiwe maji.

Jumatano mhariri akapiga. Ni mama mmoja anayeongea haraka kama kila neno analilipia. "Dada, mtambo wa kuchapa umeshapangwa. Alhamisi ijayo saa sita mchana nataka sura zote mezani. Usipoleta, nafasi yako nampa mwingine, na mwingine yupo. Nakupenda, lakini sina namna."

"Nitaleta," Bi Simu akasema. Angesema nini?

Ijumaa asubuhi alikuwa anapiga deki sebuleni, na ghafla umeme ukakatika. Mashine ya Fundi ikanyamaza. Televisheni ikanyamaza. Kimya! Na kwenye kile kimya ikamjia sentensi, ile sentensi ya kufungulia sura ya kumi na mbili aliyokuwa ameitafuta wiki tatu. Akaacha tambara pale pale, maji ya sabuni yametapakaa sakafuni, akakaa kwenye mkono wa kochi akaanza kuandika. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne hakuufikia. Mama mkwe alikuwa ametoka chumbani kwenda kuota jua.

Bi Simu aliniambia kwamba mlio wa mfupa si mkubwa kama mtu unavyodhani. Kilichokuwa kikubwa ni sauti ya wifi.

"Amemuua mama! Bi Simu amemuua mama kwa kuchati!"

*

Upasuaji ulifanyika siku hiyo hiyo jioni, wakamwekea chuma, ukaenda vizuri. Wodi ya mifupa ya wanawake ina vitanda ishirini, na wiki ile ilikuwa na wagonjwa ishirini na nane. Kila mgonjwa anaruhusiwa msindikizaji mmoja, na msindikizaji anapewa kadi ya njano ya kuvaa shingoni. Nje ya saa za kutazama wagonjwa, bila kadi hiyo, yule mlinzi wa getini hakupitishi hata ukimwambia mgonjwa mwenyewe ni wewe. Nimemwona akimrudisha askari aliyevaa sare.

Wifi aliivaa kadi siku moja na nusu. Jumapili mchana akaivua akamtupia Bi Simu mapajani.

"Stuli yenyewe haina mgongo, wodi inanuka, halafu ukipiga simu unafukuzwa kama mbwa. Mimi siwezi. Tena kwa nini nikae mimi? Aliyemwaga maji ni nani? Kaa wewe."

"Na watoto?"

"Watoto nitawaangalia. Na kupika nitapika." Alisema hivyo kwa uchungu, kama mtu anayetoa figo.

Bi Simu akaivaa ile kadi kama mfungwa anayevalishwa namba. Hakujua kapewa nini. Jumatatu asubuhi madaktari walipita wakaondoka, sista akagawa dawa, mama mkwe akachomwa sindano ya maumivu akasinzia. Ilikuwa saa nne. Bi Simu akakaa kwenye stuli, akasubiri kuitwa. Hakuna aliyemwita. Akasubiri tena. Hakuna! Kelele zilikuwepo, watu wanaugulia, magurudumu ya toroli yanalia, lakini hakuna kelele hata moja iliyokuwa na jina lake ndani. Akatoa simu. Ukutani nyuma ya kitanda namba kumi na nne kulikuwa na soketi, tena inayofanya kazi.

Kufikia saa sita na nusu alikuwa amemaliza nusu ya sura. Aliona aibu, maana alikuwa na furaha, na sababu ya hiyo furaha ilikuwa imelala hapo mbele yake na chuma kwenye nyonga.

"Unachati na nani?" Mama mkwe alikuwa macho.

"Sichati, mama. Naandika hadithi."

"Ya nini?"

"Ya mwanamke mwenye mashine ya kusaga nafaka. Mume kafa, sasa shemeji zake wanaitaka mashine."

Mama akajiweka vizuri kwenye mto. "Nisomee. Hapa nina kazi gani nyingine?"

Akamsomea kwa sauti ya chini. Ukurasa wa pili, shangazi yangu akaacha kuugulia ili asikie vizuri. Ukurasa wa tatu, wa vitanda vya ng'ambo wakaanza: "Pandisha sauti basi, dada, sisi hatulipi?"

"Huyo mwanamke wako analia sana," mama mkwe akamkata. "Sura nzima analia tu. Hana wateja?"

"Kafiwa, mama."

"Hata mimi nilifiwa. Nililia Jumapili, Jumatatu nilikuwa kazini. Mpunguzie machozi, mpe kazi."

Bi Simu alitaka kukasirika. Halafu akafuta aya mbili, na hadithi ikawa nzuri zaidi. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

*

Sasa nikujulishe mtu muhimu. Kati ya kitanda cha kumi na nne na cha kumi na tano, sakafuni, juu ya godoro jembamba, alilala Mshonaji. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, anashona nguo kwa cherehani ya kukanyaga. Mkokoteni uliojaa mbao ulimgonga Jumapili, ukamvunja paja la kulia. Mfupa wake ulitakiwa kuvutwa: mguu unafungwa kamba, kamba inapita juu ya kigurudumu, upande wa pili inaning'inia mizigo, na unakaa hivyo wiki kadhaa mpaka mfupa unyooke. Lakini kile kigurudumu kinafungwa kwenye chuma cha kitanda, na sakafu haina chuma. Kwa hiyo alisubiri, mguu umebanwa kwa ubao na mito miwili.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Sista akipita anamwambia, "Mwanangu, kikitoka kimoja unikumbuke," basi, yameisha. Na Bi Simu akisoma, yeye ndiye aliyecheka kuliko wodi nzima, huku ameshika paja. "Usinichekeshe, unaniumiza. Haya, endelea."

"Shemeji mdogo ndiye mwizi," alimwambia Bi Simu. "Usinithibitishie, lakini ndiye."

"Utajua kesho."

"Kesho mbali."

Jumanne dokta alipita. Kijana, macho mekundu, anaandika huku anatembea. Akamkunja mama mkwe mguu, akamkunjua, akaridhika.

"Unaendelea vizuri, mama. Kesho asubuhi nakuruhusu, mazoezi utafanyia nyumbani." Akamgeukia sista. "Hiki kitanda kesho apewe yule wa chini, tuanze kumvuta. Tumeshachelewa."

Mshonaji akafumba macho, akasema "Ahsante" kama mtu aliyepewa maji baada ya safari ndefu. Shangazi yangu akampongeza. Wodi nzima ikafurahi, isipokuwa mtu mmoja kwenye stuli. Sura ya kumi na mbili ilikuwa imeisha asubuhi ile. Ya kumi na tatu, ya mwisho, haikuwa na hata neno. Kesho ni nyumbani: mashine ya vyuma, televisheni, nguo chafu za siku nne, na wageni wa kumpa mama pole, kila mmoja na chai yake. Keshokutwa saa sita mchana ni mhariri. Haiwezekani, na alijua haiwezekani.

Akampigia mhariri kutoka koridoni, karibu na vyoo. "Niongezee siku mbili, dada. Mama mkwe wangu amelazwa."

"Pole sana. Na mimi mume wangu amelazwa," mhariri akasema, "na niko hapa kazini. Alhamisi saa sita."

Akampigia Fundi. "Kesho mama akirudi, naomba siku moja tu. Wewe na wifi mpokee wageni. Mimi nijifungie chumbani."

"Mama anatoka hospitali, mkwe wake kajifungia? Watu watasema nini?"

"Waambie naumwa."

"Unaumwa nini?"

Kabla hajataja ugonjwa wowote, salio likaisha.

*

Jumatano saa tatu asubuhi dokta alisimama miguuni pa kitanda namba kumi na nne, kalamu tayari.

"Mama, umeamkaje?"

Mama mkwe akafungua mdomo. Bi Simu akamuwahi.

"Alfajiri alikuwa na homa, dokta. Alitetemeka sana. Na kidonda anasema kinawaka."

Anaapa kwamba hakupanga. Eti aliisikia sauti inatoka, akageuka kuangalia nani anaongea. Dokta akaacha kuandika, akaweka kiganja kwenye kipaji cha mgonjwa.

"Sasa hivi hana."

"Imeshuka. Nilimkanda."

"Na kwa nini hukumwita sista?"

"Alikuwa upande ule, na mgonjwa mwingine."

Dokta akashusha pumzi. "Kidonda chenye chuma ndani hakitaki mchezo. Mchukueni damu, tumwangalie mpaka kesho. Ruhusa naisimamisha." Kisha akamwambia sista, bila kutazama chini, "Yule asubiri kidogo."

Dokta alipofika vitanda vya mwisho huko, mama mkwe akanong'ona, "Mimi nilikuwa na homa?"

"Mama, nisamehe. Kesho saa sita ndiyo mwisho. Nikirudi nyumbani leo siandiki hata neno moja, na kitabu kimekwenda."

Mama akaitazama ile simu kwenye soketi. "Nimezaa saba," akasema. "Tangu nizae wa kwanza sijawahi kulala mchana, mpaka juzi hapa. Na nikirudi, mumeo na dada yake wataanza kubishana nani anigeuze." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Basi nina homa. Andika."

Halafu akageuza uso upande ule mwingine, upande usio na godoro.

Na kutoka chini sauti ikaja: "Pole sana, mama. Homa baada ya kisu ni mbaya, bora wakuangalie vizuri. Mimi hapa nimeshazoea."

Jamani! Wakati ule sikuujua ukweli, nikayaona ni maneno ya kawaida ya wagonjwa kupeana pole. Nilipokuja kuambiwa ndipo nikakumbuka jinsi Bi Simu alivyoinama pale, shingo imeingia mabegani, anatafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

*

Saa nane Fundi na wifi wakaingia, na Fundi tayari anatoka jasho.

"Teksi iko nje inasubiri," akasema aliposikia habari. "Nimetafuta yenye kiti kirefu nyuma ili mama anyooshe mguu. Nimeazima kiti cha magurudumu. Nimehamisha mashine uani. Halafu homa?"

Wifi akamshika mama kipaji. "Homa iko wapi? Mama wa baridi kama mtungi!"

"Inakuja na kwenda," mama mkwe akasema, macho darini.

"Inakwenda wapi?" Wifi akaiona simu kwenye soketi, ukurasa uko wazi. Akasoma mistari miwili, akageuka polepole. "Wewe. Kumbe huku unaandika?"

"Nikae tu, nifanye nini?"

"Ndiyo maana hutaki kutoka! Kaka, mkeo kafungua ofisi hospitalini! Hadithi zake zilimvunja mama, sasa zinamfunga kitandani!"

"Wifi, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Binti," Mshonaji akasema kutoka chini. Wote wakainamisha macho kumtafuta. "Usimfokee mwenzako. Tangu nije namwona. Mama yenu anamgeuza yeye, anamwosha yeye, choo anakitoa yeye. Na sisi wote anatusomea. Ningekuwa na mkwe kama huyu ningevunjika mapema."

Wodi ikaangua kicheko. Wifi akajikuta anamnyooshea mama shuka, jambo ambalo nasikia halikuwahi kutokea. Fundi akatoka kwenda kubishana na dereva wa teksi, na saa ya wageni ilipoisha mlinzi akawakusanya na wengine akawatoa.

Sasa Bi Simu alikuwa na kila alichokililia. Stuli, soketi, mchana mzima, na hakuna wa kumwita. Akaandika sentensi. Akafuta. Akaandika nyingine, akafuta. Saa tisa. Saa kumi. Mwanamke wa hadithi alisimama mlangoni pa mashine yake, haingii wala hatoki, na Bi Simu hakuweza kumsogeza hata hatua moja. Kila alipoinua macho alimwona binti wa Mshonaji, aliyekuwa anamuuguza, akiisogeza ile mito, kidogo sana, na Mshonaji akiuma pindo la shuka ili asipige kelele.

"Leo hatusomewi?" Mshonaji akauliza.

"Haijaiva bado."

"Chukua muda wako. Mimi siendi popote." Na akacheka mwenyewe.

Bi Simu akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya sista. Alikwenda kusema ukweli, ameniapia. Sista alikuwa anahesabu vidonge.

"Sista, ile homa ya mama..."

"Majibu ya damu ni safi, hana kitu," sista akasema bila kuinua kichwa. "Lakini dokta yuko kwenye upasuaji, na bila saini yake simtoi mtu. Ni kesho. Una lingine?"

Lingine alikuwa nalo! Lilikuwa limefika kwenye meno! Angelitoa, labda sista angemtuma mtu kwa dokta. Labda asingemtuma. Hatutajua kamwe, kwa sababu Bi Simu alisema, "Hapana, ahsante," akarudi kwenye stuli.

Mama mkwe alikuwa anamsubiri, uso umewaka.

"Umeandika?"

"Siwezi, mama. Kichwa kimejaa."

"Kimejaa nini?"

Bi Simu akaonyesha chini kwa macho.

Mama akaishika ile kadi ya njano, akaivuta mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Sikiliza wewe mtoto. Umenivunja. Umenilaza hapa na ugonjwa wa uongo. Umemwacha mtu wa watu sakafuni, na mimi nimekusaidia. Hayo yote tumeshayafanya. Sasa uniambie hata hicho kitabu hakipo? Tumefanya uovu wote huu tubaki mikono mitupu? Kaa chini uandike, nisije nikakuzaba na chuma changu!"

Akaandika. Aliandika huku amekunja uso, kwa hasira za wifi na televisheni yake, za mhariri, za dokta aliyeamini upesi, za wodi ya vitanda ishirini, na hasira zake mwenyewe juu yake mwenyewe, ambazo zilikuwa nyingi kuliko zote. Mwanamke wa mashine ya kusaga hakulia tena hata mara moja.

Alhamisi dokta alisaini ruhusa saa nne. Wakati Fundi anamvalisha mama viatu, Bi Simu alikuwa amesimama kaegemea ukuta, waya bado uko kwenye soketi, anamalizia. Saa tano na dakika arobaini akatuma. Dakika hiyo hiyo, nyuma yake, watu wanne walimnyanyua Mshonaji kutoka kwenye godoro. Alipiga ukelele mmoja tu. Alipotulia juu ya kitanda namba kumi na nne, jasho linamtiririka, akaita: "Bi Simu! Na mwisho wake je? Shemeji mdogo?"

Lakini teksi ilikuwa inapiga honi, na Fundi kashika kiti cha magurudumu anasukuma.

*

Kitabu kilitoka baada ya miezi minane. Na hebu sikia: wifi anakionyesha kwa kila mgeni anayeingia. "Wifi yangu mwandishi. Tulimpa nafasi sisi." Mdomo ule ule!

Mshonaji alipata namba ya Bi Simu kwa shangazi yangu, akampigia. "Nasikia kimetoka. Mimi bado nasubiri mwisho wangu."

Mfupa wake uliunga, lakini uliunga mfupi. Anachechemea, na cherehani sasa anaikanyaga kwa mguu wa kushoto, kwa hiyo gauni la siku moja linachukua siku mbili. Bi Simu aliposikia hilo alikwenda kumtafuta yule dokta, akamuuliza kama mtu anayetafuta habari za hadithi: mgonjwa akicheleweshwa siku moja kuvutwa mguu, inaleta tofauti?

"Moja? Labda hapana," dokta akasema. "Ila wengi hapa wanasubiri nne. Katika hizo nne, iliyoharibu ni ipi, nani ajue."

Fundi, ambaye alikuwa ameshaambiwa yote, akasema: mwambie, hata mimi nisingependa kufichwa. Mama mkwe akasema: usithubutu. Ukimwambia wewe utapumua, yeye atabaki amebeba mzigo.

Tulikwenda watatu, Bi Simu, shangazi na mimi. Kwa wakati huo na mimi nilikuwa nimeshasimuliwa. Mshonaji ana chumba kimoja, sare za shule zimening'inia ukutani hazijatiwa vifungo. Alifuta mikono kwenye gauni kabla ya kukishika kitabu. Akakigeuza, akanusa karatasi, akamrudishia Bi Simu.

"Nisomee wewe. Mwanzo naujua, nataka mwisho." Akamsogezea kiti, halafu akakumbuka adabu. "Na mama mkwe wako hajambo? Ile homa iliisha? Siku ile nilimwombea sana."

Shangazi akatazama dirishani. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Iliisha," Bi Simu akasema. "Siku ile ile."

"Afadhali. Haya, soma."

Akasoma sura nzima, sauti haikutetemeka popote. Mshonaji alicheka, akapiga lile paja. "Nilisema! Nilisema ni shemeji mdogo!" Binti yake akaja mlangoni kuangalia mama yake kapatwa na nini.

Njiani nilikuwa na hasira nataka kupiga teke ukuta. Nikamuuliza Bi Simu, kwa nini? Akanijibu, "Si ulimwona anavyocheka?" Basi. Nilimnunia wiki nzima. Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa nimekaa mle chumbani, najua kila kitu, na mdomo ninao.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyefika hapa: ungekuwa umekaa kwenye kile kiti, kitabu ulichokipigania kiko mkononi, na mwenye mguu anakuuliza kwa upole habari za ile homa, ungemjibu nini?